Mabega ya Watu wa Kilulani

Mbwera, 10 Aprili 1992

Mdogo wangu Muhidini,

Assalaam alaykum. Idi tumeila salama, ingawa mvua ilitufuata mpaka kwenye mkeka wa sala. Mwanangu Ashura hajambo, na mumewe Sadallah anakusalimu, anasema zile ndoana ulizompa samaki wanazicheka. Wifi yangu Habiba mimba yake inaendeleaje? Mwambie asibebe ndoo za maji na mume yumo ndani amelala.

Haya, salamu zimetosha. Mashine yangu ya kukoboa iko barazani kwako tangu Februari. Nimeambiwa kuku wanalala juu yake, na usikatae, aliyeniambia kaona kinyesi kwa macho yake.

Muhidini, bega langu la kulia limekwisha. Nimetwanga mpunga wa harusi na wa matanga wa Mbwera hii tangu shemeji yako alipofariki, na mchi ndio ulionilisha. Sasa nikiuinua naona nyota mchana. Niliuza mtumbwi wa marehemu na minazi yake kumi na miwili nikanunua chuma kile. Kama hakijafika kabla watu hawajavuna, sina mtumbwi, sina minazi, sina bega. Nitakula nini?

Nilimwomba Saidy mwenye boti aipitishe baharini. Kasema boti yake haibebi chuma. Wiki iliyopita nasikia kaagiza mashine ya kwake Dar es Salaam, na hiyo boti itaibeba! Siku hizi ni ruksa kila mtu kufanya biashara yake, sawa, lakini ruksa isiwe ya Saidy peke yake. Mashine itakayotangulia ndiyo watu watakayoizoea.

Ilete kwa nchi kavu mpaka kivukoni. Sadallah atafunga mitumbwi miwili pamoja aivushe. Umekuwa karani wa ushirika miaka kumi na tano, umepakia pamba ya wilaya nzima, hutashindwa na injini moja.

Dada yako,
Semeni

Kibiti, 27 Aprili 1992

Kwa dada yangu mpenzi Semeni, taa ya ukoo wetu,

Baada ya kukujulia hali na kukuombea afya mbele ya Mola, nakuarifu kuwa barua yako imenifikia ikiwa imelowa pembe zote nne, lakini maneno yako ya ukali hayakufutika hata moja. Habiba yu mzima na anakusalimu sana. Mimi mwenyewe nina kikohozi kidogo. Kuhusu kuku, ni jogoo mmoja tu, na nimeshamchinja.

Ama kuhusu shughuli yenyewe, dada yangu, naomba unielewe. Lori linafika mlimani tu, juu ya kijiji cha Kilulani, na hapo ndipo mwisho wa magurudumu. Kutoka hapo mpaka kivukoni ni maili sita za miguu, na katikati kuna mabonde matatu ambayo sasa hivi yamejaa tope la mfinyanzi. Mtu mtupu anazama mpaka magotini. Injini hiyo, hata tukiifungua magurudumu yake ya kuzungushia mkanda, ni zaidi ya magunia mawili ya mchele kwa uzito, na gunia la mchele angalau linalala begani, chuma kinauma.

Nimewazungumzisha vijana kadhaa. Wanauliza kwa nini tusisubiri kiangazi. Nami nauliza hivyo hivyo kwa heshima zote.

Wako mtiifu,
Muhidini

Mbwera, 9 Mei 1992

Muhidini,

Hatujambo. Ashura hajambo. Sote hatujambo.

Saidy amekwisha simamisha kibanda, mabati mapya yanang'aa mpaka ng'ambo. Mpunga umeanza kuwa wa njano. Wewe unanieleza habari za tope, mimi niliyezaliwa ndani yake!

Kama huwezi kuibeba, niandikie neno moja tu, siwezi. Nitakuja mwenyewe na wanawake wa hapa na bega hili hili bovu, na tutaipitisha mbele ya mlango wako ukituangalia.

Semeni

Kibiti, 22 Mei 1992

Kwa dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na furaha, maana Sadallah atakuwa amekwisha kukufikishia amana yako. Alhamdulillahi! Habiba anakupigia vigelegele kutoka huku. Kikohozi changu kimepona.

Jumatatu tarehe 18 tuliianza safari alfajiri na mvua juu yetu, na alasiri mashine ilikuwa kivukoni ikisubiri maji yajae. Magurudumu yake vijana waliyaleta kesho yake kama ulivyoona. Sina maneno mengi ya kueleza. Njia ilikuwa mbaya, lakini watu wa njiani walitusaidia sana, Mungu awalipe.

Sikuvuka kuja kukuona, unisamehe. Nilikuwa na kitu cha watu ambacho ilinibidi nikirudishe siku ile ile.

Nakuomba jambo moja dogo. Kama mtu wa Kilulani atafika Mbwera akaanza mazungumzo, usimsikilize sana. Ni watu wema lakini wana maneno.

Wako,
Muhidini

Mbwera, 15 Juni 1992

Muhidini,

Salaam. Idi Kubwa imepita, nyama tumepata. Habiba nadhani siku zake zimekaribia, Mungu ampe wepesi.

Nilikuwa nimekusudia kukuandikia barua ya shukrani, na nilikuwa nimeianza. Mashine iliwaka tarehe 30 Mei. Ilipokohoa mara ya kwanza watoto walikimbilia mikokoni, na wanawake wakapanga vikapu kuanzia mlangoni kwangu mpaka kisimani. Siku kumi, Muhidini, siku kumi nililala sina maumivu. Nilikuwa nakuombea dua kila nikimaliza kusali, nasema mdogo wangu mvivu lakini ana moyo.

Jumanne iliyopita akatokea mwanamke mtu mzima, simjui, kavuka na mtumbwi wa wachuuzi, na pishi mbili za mchele kichwani. Alipofika uani tu akaweka mzigo chini, akashika kichwa, akaanza kulia. Kulia kweli, si kwa kuonyesha watu. Mimi nimesimama mlangoni mwa kibanda, pumba zimenijaa mpaka kwenye kope, mkanda unazunguka nyuma yangu. Nikamwambia, "Mama, pole. Unamlilia nani?"

Akasema, "Namlilia mwenye nyumba hii, Semeni. Mume wangu na wenzake ndio waliombeba ile Jumatatu ya mvua. Mimi nilikuwa na homa, ndiyo nimepata nguvu leo, nimekuja kuhani."

Nikamwambia, "Semeni ni mimi."

Akakaa chini kwenye makapi. Akaninyooshea mkono akanigusa mguu, akauondoa upesi, akanigusa tena. Anaitwa Mwamini. Nilimpa maji, akanawia uso.

Vikapu viliondoka kimoja kimoja. Hakuna aliyenitukana. Kila mmoja alikumbuka kuwa ana sufuria jikoni. Leo siku ya sita hakuna aliyeleta hata kibaba. Wamehesabu siku, wanasema mashine imekuja Mbwera juu ya jeneza, na mchele wake ni wa matanga. Saidy anakaa barazani kwake anasema, "Ya kwangu imekuja na boti kama mgeni wa heshima." Yake imewaka juzi.

Ulisema nini njiani? Uliwaambia nini watu wale?

Semeni

Kibiti, 28 Juni 1992

Kwa dada yangu mpenzi,

Furahi pamoja nasi! Habiba amejifungua mtoto wa kike tarehe 20, salama salimini, uzito mzuri, nywele nyingi kama za kwako. Mimi na mama yake tumekubaliana tumpe jina lako. Atakuwa somo yako. Sisi kwetu ni heshima kubwa.

Kuhusu yale mengine, dada, watu ni watu na maneno hayakosekani. Mvua siku ile ilikuwa kubwa na kila mtu aliona alichoona. Yatapita. Wateja watarudi, Saidy hana mafundi wa maana.

Niletee jibu kuhusu jina tu.

Wako,
Muhidini

Mbwera, 7 Julai 1992

Muhidini,

Mpe Habiba hongera zangu, mwambie anywe uji wa pilipili manga na asihangaike na mambo ya nje.

Mtoto usimpe jina hilo. Umekwisha lizika.

Mwamini alilala kwangu siku mbili kabla hajapata nguvu ya kurudi. Mumewe anaitwa Seleman. Amenieleza kwamba siku ile Seleman alishuka kwenye dungu lake, akaacha mpunga umeiva bila mlinzi, akalisindikiza jeneza lako mpaka majini. Aliporudi nyani walikuwa wamekwisha ingia. Nyani, Muhidini! Wamekula zaidi ya nusu ya shamba, na kilichobaki wamekilalia. Seleman hakulalamika. Alisema, "Nilikuwa kwenye thawabu, Mungu ataniletea kingine." Wamekaa wiki tatu wakila mihogo na kusema alhamdulillahi, kwa sababu walijua wamemsitiri maiti. Mwamini atakuwa amemwambia sasa alichokibeba.

Hizo pishi mbili alizoniletea ndizo zilizokuwa zimesalia ndani. Nilimlazimisha azirudishe, akakataa, anasema ubani haurudi nyumbani. Mfuko uko hapa mbele yangu ninapoandika, na siwezi kuupika wala kuutupa.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako ilikuwa maili sita tu. Niandikie yote kwa mkono wako. Ukinyamaza nitakwenda Kilulani, na nitakayoyasikia huko ndiyo nitakayokufa nayo.

Semeni

Kibiti, 19 Julai 1992

Dada,

Hatujambo. Mtoto tumempa jina la marehemu mama, Mwantum.

Tulikuwa watu sita. Tuliifunga injini kwenye mipiko miwili ya mikoko, tukateremka mlimani. Kabla ya kufika Kilulani mpiko mmoja ukavunjika, injini ikaangukia ubavu, ikakosa mguu wa Dulla kwa kiasi cha unyayo. Unamkumbuka Dulla, yule jirani yangu mwenye kifua kama mlango. Alikaa chini kwenye tope akasema, "Mimi narudi kwa mke wangu." Wenzake wakamtazama yeye, hawakunitazama mimi. Nikajua wakirudi hawatakuja tena, na nikaikumbuka barua yako, kwamba utakuja na bega lako bovu kuipitisha mbele ya mlango wangu.

Nikaingia Kilulani kutafuta miti mingine. Kijiji kitupu, watu wote wako kwenye madungu wanafukuza ndege na nyani. Msikiti uko wazi. Jeneza limeegemezwa ukutani, la mkongo, kazi ya fundi, mikono minne mizima. Dada, nilisimama pale muda mrefu. Halafu nikasema bismillahi, kama vile mwizi akisema bismillahi si mwizi tena, nikalitoa. Nilijua nitalirudisha kabla ya jua kuchwa, hakuna atakayejua.

Tuliipandisha injini juu, tukapanga mabomba na mkanda upande wa miguu. Mvua ilikuwa inaingia ndani ya injini kwenye bomba la moshi, na jeneza lilikuwa na shuka lake. Nikafunika. Naapa nilifunika kwa ajili ya mvua.

Tulipotoka kijijini, dungu la kwanza kando ya njia lilikuwa la Seleman. Akatuona. Akashuka ngazi, akanawa mikono kwenye mfereji, akavaa kofia yake, akaja. Akamsogeza Dulla polepole, akaweka bega. Halafu akapaza sauti, "Jeneza linapita!" Dungu kwa dungu wakaitana. Wakaja kumi, wakaja ishirini, wanapokezana kila hatua chache kama ilivyo kawaida yetu, kila mtu anataka fungu lake. Nikajikuta natembea mikono mitupu.

Hujui bega linavyoshukuru. Nilifungua mdomo niseme, nikaufunga. Nikajiambia nitasema tukivuka bonde la kwanza. Tulipovuka nikajiambia la pili.

Seleman akaniuliza, "Ni nani huyu tunayempeleka?" Ningeweza kusema hata hapo. Nikamwambia, "Ni dada yangu, Semeni wa Mbwera." Unauliza kwa nini jina lako? Kwa sababu ndilo lililokuwa mdomoni. Tangu mlimani nilikuwa nikilitaja kwa kulilaani, kila nikiteleza nakutaja. Basi likatoka lenyewe. Mzee wa watu akanishika mkono akasema, "Pole mwanangu. Alikuwa mzito, inaonyesha alikuwa mtu wa riziki." Akalia. Akalitambua jeneza lao pia, akasema vizuri mmelichukua, ndiyo kazi yake.

Wakaanza kumtaja Mungu kwa sauti moja, na mimi nikaitikia. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, dada, kwamba niliitikia. Kwenye bonde la tatu maji yalifika kifuani. Walilinyanyua juu ya vichwa vyao wakanyoosha mikono, wakisema marehemu asilowe. Watu wazima wenye wajukuu! Mmoja alikunywa maji akakohoa na hakuachia.

Kivukoni walitaka kuvuka waje wakuzike. Nikawaambia maji bado, na ndugu zetu wa Mbwera watatosha. Walinipa mkono mmoja mmoja. Walipotoweka tukaishusha injini, Dulla akaficha jeneza mikokoni mpaka Sadallah alipokuja na kuondoka. Tulilirudisha usiku.

Yote ndiyo hayo. Sijaenda Kilulani tangu siku ile. Nikienda mlimani kwa shughuli zangu nazunguka.

Muhidini

Mbwera, 3 Agosti 1992

Muhidini,

Salaam kwenu, na busu la Mwantum mdogo.

Nimekwenda Kilulani. Sadallah alinivusha, nikatembea mwenyewe maili zote. Nilikuwa nakusoma njiani, karatasi mkononi, bonde kwa bonde. Barua yako ni ya kweli, hilo nakupa.

Nilimkuta Seleman anasuka mkeka wa ukindu. Nimeshtuka. Nilitazamia mzee mnyenyekevu, kumbe ni mtu wa hasira, ana jicho kama kisu. Hakuniitikia salaam mpaka aliponizunguka kunitazama. Akasema, "Kwa hiyo huyu ndiye maiti."

Nikapiga magoti. Nilisoma barua yako yote mbele yake na wanaume wengine tisa, na sikuruka neno hata moja, hata lile la bega kushukuru. Hapo mmoja alicheka kidogo, Seleman akamnyamazisha. Nilipomaliza nikasema, "Nimekuja kutaka radhi." Akasema, "Wewe hujatukosea. Ulikuwa kwenu unatwanga. Huwezi kumwombea radhi mtu mzima mwenye miguu."

Nikamwambia habari ya mashine, jinsi ilivyonyamaza. Muhidini, nilikuwa sijakusudia kulia. Nililia mbele ya wanaume kumi wasionihusu. Kwetu Mbwera nilikozaliwa, waliposikia habari walibeba vikapu vyao wakaenda kwa Saidy. Mtu aliyenililia kama ndugu ni Mwamini, na alikuwa hanijui.

Basi nikawaambia nilichokuwa nimekifikiria njiani. Kilulani hakuna mashine, wanawake wake wanatwanga mpaka mikono inapasuka. Nitaihamishia kwao. Msimu huu wote walionibeba nitawakobolea bure, Seleman na misimu inayokuja maadamu niko hai. Baada ya hapo tutaelewana kama watu.

Walikwenda pembeni wakashauriana mpaka nikadhani wamenisahau. Seleman akarudi na jibu. Mashine wanaikubali. Lakini uilete wewe. Kwa njia ile ile, siku ya Ijumaa watu wakiwa wametoka msikitini, haina shuka, haina jeneza, na hakuna mtu wa Kilulani atakayetoa bega.

Nimekubali kwa niaba yako.

Semeni

Kibiti, 10 Agosti 1992

Dada, lolote lakini si hilo. Nitawalimia. Nitampa Seleman mpunga wake wote uliopotea. Usinipitishe mbele ya macho yao.

Muhidini

Mbwera, 14 Agosti 1992

Hilo.

Semeni

Kilulani, 23 Agosti 1992

Dada yangu,

Nakuandikia nimekaa mlangoni mwa msikiti wa Kilulani. Nyumbani niliwaacha wazima. Sadallah atakuwa amekwambia kuwa aliivusha salama Ijumaa asubuhi na sisi tulikuwa tunamsubiri. Tulikuwa watano. Dulla alikuja, sikumwita. Mmoja wa wale wa mara ile alisema ana kazi.

Magurudumu yake tumeyaacha kivukoni, tutayarudia. Tope limekauka, ulivyoona. Nilidhani itakuwa nafuu. Kumbe nyayo za viboko zimekauka na kuwa mashimo magumu kama sementi, unaweka mguu hujui kifundo kitatokea upande gani. Tulikuwa tunapumzika kila hatua thelathini, baadaye ishirini, baadaye sikuhesabu. Dulla aling'oka kucha ya mguu. Ngozi ya bega langu ilibaki kwenye mpiko.

Bonde la kwanza tuliwakuta wanawake wanakusanya mabua. Walisimama. Waliweka mabua chini. Nilitamani wanitukane. Watoto walitufuata, mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu ndiye aliyemzika dada yake?" na mama yake hakumkataza.

Tulifika chini ya kijiji watu ndio wanatoka kusali. Unakijua kile kilima, changarawe tupu. Walijipanga juu pande zote mbili za njia wakatutazama tunavyopanda. Nusu ya njia kijana wa nyuma akateleza. Injini ikaturudia. Wenzangu wakaachia, mimi sikuweza kuachia, nikalala chali mpiko uko kifuani na chuma kinanishukia taratibu. Sikupiga kelele, dada. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliona sawa tu.

Nikaona miguu ya mtu. Seleman kashika mpiko kwa mikono miwili, mishipa imemsimama shingoni. Akasema, "Toka hapo chini. Hapa hatuziki mtu leo." Hakuna mwingine aliyesogea mpaka alipowageukia, "Mnangoja nini? Mnataka kuzika kweli?" Ndipo wakaja.

Waliipandisha mpaka hapa juu na kuiweka chini mbele ya msikiti. Nikadhani yamekwisha. Seleman akafuta mikono, akasimama mbele yangu watu wote wakisikia, akaniuliza, "Ni nani huyu tuliyembeba?"

Nikasema ni chuma. Ni mashine ya dada yangu Semeni, na Semeni yu hai, nilisema uongo.

Akasema, "Wa nyuma hawajasikia."

Nikasema tena kwa sauti. Mara ya tatu hakuniuliza, nilisema mwenyewe. Kisha nikawaomba radhi mmoja mmoja, wale walionipa mkono kivukoni. Wengi wamenisamehe. Yule aliyekunywa maji bondeni bado. Seleman anasema ananisamehe la nyani, lakini la kuitikia dhikri niende nikamalizane na Mwenyewe, yeye halimhusu.

Kibanda tumeshaanza, nguzo sita zimesimama. Jana nilitangaza msikitini kuwa walioibeba watakobolewa bure msimu huu. Mashine bado haijawashwa, lakini nilitazamia vikapu vya kuwahi zamu. Leo asubuhi hakuna. Nikamuuliza Mwamini kuna nini. Akasema wanawake wameuliza nani kasema ni bure, wakaambiwa kasema Muhidini, basi wakaendelea kutwanga.

Njoo, dada, uwaambie wewe kama ulivyowaambia wanaume. Njoo kesho kama maji yanakubali. Neno langu hapa halina kazi tena.

Muhidini